Plake Tuliyoizika kwa Kilio

Waliniita kwenye semina hapa Bukavu. Ukumbi mzuri, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe, kila mtu na chupa yake ya maji, na ukutani bango refu: matarajio na changamoto za umeme wa jua. Mimi muuguzi mstaafu wakaniketisha mbele kabisa, kwa kuwa walisikia nilifanya kazi na plake kabla watu wengi wa mji huu hawajaiona kwa macho. Plake ndivyo tunavyoita kile kioo kinachowekwa juu ya bati kikusanye jua. Bwana aliyeongoza, tai shingoni, akanisogezea kipaza sauti. “Maman, kwa uzoefu yako, changamoto kubwa ni gani?”

Nikajibu: “Vumbi.”

Wakaandika. Nikaongeza: “Na wezi.” Wakaandika hiyo pia, wakanipigia makofi. Nikamaliza maji yao, nikapanda zangu nyumbani Kadutu kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nimekasirika.

Niliwadanganya. Haikuwa mara ya kwanza kudanganya watu kwa ajili ya plake, na ile mara ya kwanza nilidanganya vizuri zaidi, nilidanganya mpaka machozi yakatoka. Basi leo niseme ukweli hapa, pasipo kipaza sauti.

Wakati wa ile vita ya pili nilikuwa titulaire, yaani mkuu, wa kituo kidogo cha afya kwenye kilima kimoja mbele ya Nyantende. Jina la kilima naliacha. Watu wake wangali hai, na mimi sina tena nguvu ya kugombana nao. Kituo kilikuwa vyumba vitatu, vitanda vinne, mimi, na mzalishaji mmoja mama mzee ambaye mikono yake ilipokea nusu ya watu wa kilima kile. Mume wangu alifundisha shule hapa mjini. Njia ikiwa wazi alipanda kila Jumamosi na mkate na gazeti kuukuu. Njia ikifungwa nilibaki na binti yetu mgongoni, nikafanya kazi naye hivyo hivyo.

Juu ya vichwa vyetu zilipita nyaya za umeme wa Ruzizi. Angalia dharau hiyo! Zilitoka kwenye barrage, lile bwawa la umeme, zikavuka mashamba yetu ya maharagwe na migomba yetu, zikaenda kuwasha miji ya wengine. Nguzo walizisimika kwenye udongo wetu, lakini hakuna hata waya mmoja uliotelemka kutusalimia. Sisi tuliwasha koroboi. Frigo ya chanjo ilitumia mafuta ya taa, na mafuta yenyewe ulikuwa unayapata leo, kesho huyapati. Utambi ukitoa moshi, baridi inakwisha. Nimewahi kumwaga chanjo za mwezi mzima nyuma ya choo huku mama wenye watoto wakiniangalia, na hakuna hata mmoja aliyeelewa kwa nini natupa dawa nzima-nzima.

Halafu ikaja proje, yaani mradi. Gari moja, fundi mmoja, bwana mmoja mwenye kofia. Wakapanda juu ya bati wakafunga plake moja, wakaleta batri mbili, frigo mpya nyeupe, na taa moja kwa chumba cha kuzalia. Bwana wa kofia akatuhutubia: “Jua ni ya bure. Hakuna mutu ataikata, hakuna facture ya kulipa itakuya.” Makofi, vigelegele, kuku wawili akapewa. Alitufundisha kuosha kioo kwa kitambaa laini, kuangalia maji ya batri, na kuandika baridi ya frigo asubuhi na jioni kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kati ya nyuzi mbili na nane. Ikizidi hapo, chanjo si chanjo tena. Alitufundisha kila kitu, ila hakutuambia mtu mwenye bunduki akitaka lile jua letu la bure tufanye nini.

Sitaki kusema uongo mwingine: ilikuwa nzuri. Usiku wa kwanza wa ile taa mzalishaji alilia. Alisema miaka yote ile alikuwa anapapasa tu. Prezida wa komite ya afya, seremala wa kilima, mzee wa maneno machache, alipanda ngazi kila Jumapili kabla ya misa kuosha plake, na alikuwa hataki mtu mwingine aiguse. Watu walileta wageni wao kuona barafu. Mimi nilikuwa na karatasi yangu mlangoni: nne, tano, nne, nne, tano. Nilipenda ile karatasi kuliko picha ya harusi yangu, na mume wangu alinitania hivyo mbele ya watu.

Basi vita ikazidi. Tukaanza kusikia habari: kule upande wa Miti basoda, yaani askari, wamepanda juu ya bati ya kituo wakang'oa plake, na bati zenyewe wakaondoka nazo. Kule Sange vilevile. Hawakuwa wanataka taa. Kila kikundi kilikuwa na fonie, ile redio ya kuitana porini, na fonie bila batri ni sanduku tu. Ukiwa na plake juu ya nyumba, ni kama umetundika tangazo: njooni, hapa kuna moto wa kuwasha fonie. Hawakuuliza uko upande gani. Waliotoka ng'ambo ya mashariki waliichukua, wa msituni waliichukua, na wote walisema wanatulinda.

Kipindi hicho hicho chanjo za surua zilikuwa zimetufikia kutoka Bukavu, kwa shida, ndani ya sanduku la barafu lililobebwa kichwani. Surua ilikuwa imeanza kuua watoto wa wakimbizi vilima vya nyuma. Sisi kwetu ilikuwa haijafika. Binti yangu alikuwa na miezi minane na nusu. Chanjo ya surua tulifundishwa kuipiga miezi tisa ikitimia, kwa kuwa kabla ya hapo haishiki sawasawa. Katika daftari la chanjo, kwenye mstari wake, niliandika ile tarehe mapema, kwa kalamu ya risasi. Siku ikifika ningeipitisha juu kwa wino. Mtoto wa muuguzi lazima awe mfano, ndivyo nilivyokuwa najisemea, mpumbavu mimi.

Asubuhi moja mtu akapanda mbio kutoka barabarani: wanakuja, wako wengi, usiku huu watalala mbele kidogo, kesho watakuwa hapa. Komite ikakutana kwenye chumba cha kuzalia. Plake tulikuwa tumeshaiteremsha, hilo halikuwa na mjadala. Lakini tuifiche wapi?

“Mu migomba,” mtu akasema.

“Banachimba mu migomba,” prezida akajibu. “Banapita na vyuma, banachoma udongo kila fasi, banatafuta maharagwe na masufuria yenye batu balifukia. Ni ku makaburi tu ndiyo habafikake.”

Kweli hiyo kila mtu aliijua. Basoda wale walikuwa hawaogopi mzee, hawaogopi kanisa, ila kaburi bichi waliliogopa. Na mimi, mimi mwenyewe, ndiye niliyefungua mdomo. Niliitazama plake imeegemezwa ukutani, nyembamba, ndefu kiasi. Nikasema: “Papa prezida, hii si ni kipimo cha mutoto?”

Mzee akachukua futi yake. Akapima mara mbili. “Ya miaka mbili,” akasema, akatoka kwenda kutafuta mbao.

Kazi ikabaki kwa katekista. Huyu alikuwa mtu mkali, mwembamba, kila siku koti lile lile. Tulipomwambia, akarudi nyuma hatua mbili. “Mama munganga, mimi siwezi kudanganya Mungu juu ya kioo.”

“Basi usimudanganye. Lakini mazishi bila sala, basoda batajua. Unataka batuue sababu ya sala?”

Akafikiri. Uso wake ukabadilika. Akasema: “Nitasali. Lakini nitasali ya kweli. Niko na batu balikufa ba kusalia.”

Sikuelewa alichokusudia. Kesho yake nikaelewa, na sikukipa uzito wake.

Tulizika asubuhi, mchana kweupe, ili waone. Plake niliifunga kwa nailoni, juu yake nikaizungushia kitenge changu kipya. Jeneza dogo, misumari, msalaba usio na jina. Shimo karibu na ua wa kituo, chini ya mti wa mlingoti. Wanawake wa kilima wakaja wamejifunga vitambaa kichwani kama matanga yenyewe. Tulikuwa tumekubaliana walie. Nilidhani itabidi niwachochee.

Mawee! Nani alihitaji kuchochewa? Katekista alifungua kitabu, na badala ya kumtaja marehemu, akaanza kusalia wote waliokufa msituni kwenye ile mbio ya vita ya kwanza, waliofunikwa majani kando ya njia, wasio na kaburi wala mtu wa kuwamwagia udongo. Wengi wao walikuwa watoto. Kila mama aliyesimama pale alikuwa na wake. Kilio kikapanda. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa ameacha wawili kule, mapacha, na tangu siku ile hakuna aliyemuona akitoa chozi. Alipiga magoti, akatia mikono yote miwili kwenye udongo, akaanza kuita. Hata mimi nililia, na mimi wangu alikuwa mgongoni, mzima, ananivuta hereni.

Basoda wakatukuta hapo hapo. Komanda wao akasimama, akaangalia shimo. “Nani akufi?” Nani amekufa. Akauliza tena kwa sauti: “Mwana ya nani?”

Mtoto wa nani. Mimi nikasema: “Ni wa kwangu.”

Akanitazama, akamtazama binti yangu mgongoni. “Na huyu?”

“Huyu ni mudogo yake.”

Yule komanda akavua kofia. Ndiyo, alivua kofia, na watu wake nao wakavua, wakasimama mpaka udongo ukaisha kurudishwa. Baadaye wakaingia kituoni, wakapekua, wakaona mashimo ya misumari juu ya bati. “Plake iko wapi?” Prezida akajibu wenzao walishaichukua zamani. Wakatukana wenzao, wakachukua magodoro, wakaenda kulala kwenye shule ya msingi. Batri na frigo hawakuzigusa. Tulikuwa tumezifunika kwa nguo za waliojifungua na mabeseni ya damu, na hayo nayo waliyaogopa. Jioni ile tulicheka. Tulijifungia tukacheka mpaka mzalishaji akashika mbavu, kwa vile tuliwashinda. Nilijiona mjanja kuliko wote, na nilirudia mara kadhaa ile “mudogo yake” ili wacheke tena.

Tulisema watakaa siku mbili. Walikaa tisa.

Batri ziliishika frigo siku tatu. Nne, tano, saba. Siku ya tatu nikaona hakuna namna, nikapeleka neno kwenye migomba walikojificha mama na watoto: mwenye mtoto aliyefikisha miezi tisa amlete haraka, kwa njia ya nyuma. Chupa moja ya surua ni ya watoto kumi. Ukishaichanganya na maji yake, inatumika saa chache tu, kilichobaki unamwaga. Walifika tisa. Niliwachanja wote tisa, nikabaki na dozi moja ndani ya chupa, na binti yangu mgongoni amepungukiwa na siku kumi na mbili.

Mzalishaji akaniambia: “Mupige.”

“Hajafika.”

“Mupige tu, mwanangu. Siku kumi na mbili ni nini?”

“Maman, sheria ni sheria. Leo nikivunja kwa wangu, kesho nitamwambia nani? Plake itarudi juu, nitamupiga kwa siku yake.”

Nikamwaga. Nyuma ya choo, pale pale pa siku zote. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja mjukuu.

Basoda walipoondoka karatasi yangu ilisomeka kumi na tisa. Chupa zote zilizobaki zilikuwa za kutupa. Sawa, nikasema, tutapata nyingine, la muhimu plake ni nzima. Asubuhi hiyo hiyo nikashika jembe nikaenda kaburini.

Nikakuta pamefagiliwa. Majani yamekatwa pembeni, maua ya njano yamewekwa kwenye kopo la maziwa, na yule mama wa mapacha ameketi chini, miguu ameinyoosha, anazungumza polepole na udongo. Wengine watatu walikuwa naye.

“Mama, samahani,” nikasema, “tufukule sasa. Bameenda.”

Hakuna aliyeinuka. Nikadhani hawakusikia. Nikapiga jembe mara moja, mara mbili. Yule mama akasogea akaikalia mahali nilipopiga.

“Mama munganga,” akasema taratibu, “batoto bangu habakupata kaburi. Hii ndiyo iko kaburi yabo. Unataka nibatoe mara ya pili?”

“Lakini mule ndani ni kioo!”

“Tunajua ni kioo.”

Nilipiga kelele. Niliwaita wajinga, niliwaita watu wa kilima, mimi mtoto wa mjini mwenye diploma. Nikakimbia kwa katekista. Alitikisa kichwa. “Nilikuambia nitasali ya kweli. Kaburi yenye imesaliwa haifunguliwe na mama mwenye hasira na jembe. Tungojee padri.” Padri alikuwa Bukavu, na njia ilikuwa imefungwa na mapigano, wafanyabiashara wachache tu walipita kwa vijia vya porini. Nikaenda kwa prezida. Mzee akaangalia mikono yake. Alisema bila watu kukubali hawezi, kisha basoda wanaweza kurudi, na mbao za kuificha tena hana, zote walizichoma kuni shuleni. Kila mtu alikuwa na sababu. Na sababu zao, ndiyo mbaya yenyewe, zilikuwa za kweli. Laiti wangekuwa wapumbavu, leo ningewachukia kwa raha.

Niliandika barua Bukavu kuomba chanjo, ikabebwa ndani ya kiatu cha muuza chumvi. Jibu likarudi kwa kiatu kile kile: pasipo baridi, hakuna chanjo; rudisheni baridi ya frigo kwanza. Sikuwalaumu. Ningekuwa kwenye kiti chao ningeandika maneno hayo hayo, kwa mwandiko mzuri zaidi.

Tarehe ya kalamu ya risasi ikafika, ikapita. Kila asubuhi na kila jioni nilikwenda kusoma frigo iliyozimika na kuandika: ishirini, kumi na tisa, ishirini na moja. Nilijua ni upuuzi. Nilikuwa nawaandikia watu wa kilima, ili siku moja mtu asome aone aibu. Kisha naenda kaburini kugombana. Wale wanawake nao walizoea kugombana na mimi. Walinipa nafasi ya kukaa, wakamchukua binti wakamchezesha juu ya ule udongo. Alianza kusimama pale, ameshika msalaba.

Wiki ya tatu ikafika familia moja ya wakimbizi, na mtoto anakohoa, macho mekundu, ngozi imejaa vipele. Niliwatenga kwenye chumba cha mwisho. Niliosha mikono mpaka ngozi ikachubuka. Lakini surua haingoji mkono. Inapita kwenye hewa, na kituo kilikuwa vyumba vitatu, na mtoto wangu hakuwa na pengine pa kuwa isipokuwa mgongoni kwangu.

Siku ya kumi tangu wafike, binti yangu akaamka na joto.

Nimeuguza watoto wa surua wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Najua kila hatua. Ndiyo maana sikuwa na hata siku moja ya kujidanganya. Macho, kikohozi, vipele nyuma ya masikio, uso, kifua. Kisha pumzi. Nilimpa nilichokuwa nacho, na nilichokuwa nacho kilikuwa kidogo. Mzalishaji alikaa upande wa pili wa kitanda, na hakuniambia neno hata moja juu ya zile siku kumi na mbili, mpaka leo simsahau kwa hilo. Watoto tisa wa ile chupa, hata mmoja hakuugua. Walikuwa wanacheza nje, nawasikia.

Alikufa alfajiri, kabla ya jogoo. Kulipokucha nilitoka uani, kwa kuwa ndani sikuweza tena. Na pale chini ya mlingoti nikawaona wanawake. Wote. Yule mama wa mapacha alikuwa mbele, na jembe. Hawakumngoja padri, hawakumuuliza katekista wala komite. Walichimba bila kuimba, haraka, udongo unaruka. Kwa ajili ya mtoto mzima wiki nne nzima kaburi lile halikufunguka. Kwa ajili ya mtoto aliyekufa lilifunguka kabla uji haujachemka.

Nilitaka kuwatukana.

Prezida akaja mbio, kofia mkononi. Alisema polepole: “Mama, sina mbao. Bilichomwa byote.” Nikamwambia najua. Akaitoa plake kutoka kwenye jeneza, akafungua nailoni. Ilikuwa kavu, safi, bila hata alama. Nikachukua kile kitenge changu, nikamfunga nacho binti yangu, tukamlaza mule. Jeneza lilikuwa kubwa kwake. Lilipimwa mtoto wa miaka miwili, na yeye alikuwa na kumi tu, miezi. Ile nafasi iliyobaki upande wa miguu mama wa mapacha akaijaza kwa kitambaa chake cha kichwa.

Katekista alisimama na kitabu, hakukifungua. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema: “Mama, sala nilikwisha kuisema.” Akapiga magoti, akarudishia udongo kwa mikono. Prezida akauliza kama aandike jina kwenye msalaba. Nikakataa. Mule walikuwamo watoto wengine pia, na mama zao walikuwa wamesimama pale.

Siku ile ile, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, mzee alipanda juu ya bati akafunga plake. Jua lilikuwa kali. Nilisikia frigo inaanza kuvuma, nami nimelala kando ya ukuta, chumba cha pili. Kesho yake jioni nilisimama nikaenda kusoma, miguu ilikwenda yenyewe. Nyuzi tano. Nikaandika: tano.

Wiki mbili baadaye njia ikafunguka na chanjo zikafika kichwani mwa mtu, barafu bado haijayeyuka. Tukapiga ngoma, mama wakapanga mstari uani mpaka kwenye mlingoti. Mzalishaji alitaka kuniondoa, nikakataa. Nani mwingine angechanja? Niliketi na daftari, naita majina kwa zamu, mstari kwa mstari, na kila aliyechanjwa napitisha wino. Nilipogeuza ukurasa nikafika kwenye mstari wake. Ile tarehe ya kalamu ya risasi ilikuwa bado inasomeka vizuri. Mbele yangu mama alikuwa ameshamkunjia mtoto wake mkono wa nguo, anangoja.

Nikaita jina lililokuwa chini yake.